Uso unawaka mafuta, chunusi zinaacha madoa: nipake nini cha nyumbani na nile nini?

BintiWete_Mjini

Asalaam alaykum jamani. Mie mtu wa Wete lakini sasa hivi niko Unguja kikazi, nakaa Mwanakwerekwe, kazini mjini, kwenda na kurudi ni daladala na jua na vumbi. Tatizo langu uso. Nanawa asubuhi vizuri tu, ikifika saa nne paji na pua vishaanza kung'ara mafuta, mashavuni chunusi zinakuja zinaondoka na kila inayoondoka inaniachia doa lake jeusi linakaa miezi. Mfunguo Pili tuna harusi ya dadangu huko Pemba na mie ndo mpambe, picha zote nimo.

Sitaki makrimu ya dukani, naogopa mkorogo. Nataka vitu vya asili vya nyumbani. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna mtu kaandika ndimu na bekin soda uchanganye upake uso kila usiku, mwingine anasema dawa ya meno juu ya chunusi, mwingine manjano na asali, nyumbani Pemba wananambia mafuta ya nazi na liwa, basi mie nishavurugika. Sijapaka chochote bado, nauliza kwanza.

Na la pili, chakula. Asubuhi boflo (mkate) na chai ya maziwa (sukari sikufichi, inasimama kijiko), saa nne sambusa au kachori na soda, mchana wali pale hoteli ya jirani na ofisi, jioni nikishuka kwenye gari urojo, usiku wali tena wa nazi na mchuzi. Maji nikikumbuka. Hivi kweli chakula kinahusiana na chunusi au ni maneno tu? Na singo naweza kupaka usoni kila siku? Nambieni wajuzi.

Somo_Ngambo

Wa alaykum salaam mwanangu. Kazi yangu kusinga mabibi harusi, nimeirithi kwa mama na yeye kwa mamake, kwa hivyo nisikilize kwenye hili. Singo si dawa ya uso. Singo ni ya mwili. Inapondwa asumini, langilangi, mawaridi, mpompia, mpachori, rehani, karafuu kidogo, unga wa liwa, kila somo na mkono wake, ikishasuguliwa mwilini inatoa taka na ngozi kavu na ile harufu ndo inabaki. Raha yake ni hiyo harufu na ule mkono wa mtu anaekusinga, mtu ametulia nyumbani hana kazi ya jua. Usoni hatusugui hivyo, na mwenye chunusi ndo kabisa hapana, unaipasua ile chunusi halafu karafuu inaingia kwenye kidonda, uso unawaka moto. Kila siku ndo usiseme tena.

Cha uso ni liwa. Na liwa ninayosema mie ni kile kipande cha mti unakisaga juu ya jiwe kwa maji au marashi ya mawaridi mpaka inatoka uji mwepesi. Zile za unga za kwenye kipakti cha nailoni hujui mmechanganywa nini, nyingine ni rangi tu na manukato. Unapaka jembamba, ikikauka unaosha kwa maji, usiibandue kwa kucha. Inakausha mafuta ya uso, inapoza, basi. Haiondoi madoa, anaekwambia inaondoa madoa anakuuzia. Wangazija wanatembea nayo barabarani mchana kweupe na uso umepata kivuli, huko ni kwao, huku kwetu ukipanda nayo daladala ya Mwanakwerekwe watakutizama mpaka ushuke lakini wache watizame.

Manjano na asali hayana ubaya ila jaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya mkono, ukae mpaka kesho uone hakuwashi. Manjano kidogo mno, ncha ya kijiko, ukizidisha utakwenda kazini uso wa njano na foronya ndo basi tena.

Mafuta ya nazi kama unayataka ya kweli kamua mwenyewe. Nazi zilizokomaa, unakuna kwenye mbuzi, unakamua tui la kwanza kwa kifumbu, kasimile tupu bila ya kujaza maji mengi, unaliwacha lilale usiku. Asubuhi ule mtandu mzito umepanda juu, unauengua unauweka kwenye sufuria moto mdogo na hapo ndo pa kazi, usiondoke, koroga mpaka maji yote yakauke na yale makapi yabadilike rangi, ikiwa kahawia isiyoungua unaepua unachuja kwa kitambaa safi kikavu. Chupa iwe kavu kabisa. Maji yakibaki mafuta yanachacha. Mwilini na nywelini hakuna mfano wake, usoni tone moja usiku linatosha.

DukaLaDawa_Darajani

Namuunga mkono bi somo kwa yote isipokuwa tone la mwisho, tutagombana hapo kidogo kwa adabu.

Nauza dawa, kila wiki nawaona watoto wa kike wanakuja uso umeungua na ukiuliza jibu ni lile lile: ndimu. Sikilizeni. Ndimu ni asidi kali, pH yake (kile kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo ndo asidi zaidi) kama mbili hivi, na ngozi ya uso kawaida iko kwenye nne na nusu mpaka tano na nusu. Hiyo moja. Ya pili na ndo mbaya zaidi, ndimu, khasa maganda yake, ina kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga zinaunguza. Unatoka malengelenge, yakipona yanaacha weusi mkubwa kuliko hilo doa ulotaka kuliondoa. Hata wanaokamua ndimu nyingi juani huwatokea mikononi. Sasa wewe unapaka usiku, asubuhi hukuosha vizuri, unapanda daladala ubavu wa dirisha, mambo hayo.

Bekin soda ni upande wa pili, pH juu ya nane. Inavunja ule utando wa juu wa ngozi unaozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Ukizichanganya ndimu na soda unaona povu unadhani ni dawa inafanya kazi, lile povu ni hewa ya kaboni tu, zinauana zenyewe kwa zenyewe na kinachozidi ndo kinakuunguza. Dawa ya meno inakausha chunusi kweli na inakausha na ngozi ilozunguka, menthol inachoma, doa juu. Ni ya meno, iacheni kwenye meno.

Mafuta ya nazi sasa. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, mafuta mazito, kwa ngozi kavu ya mwili, magoti, visigino, mazuri sana wala sibishi. Lakini uso wenye mafuta na chunusi yanaziba vitundu. Si kwa kila mtu, lakini wewe dada ushatwambia saa nne unang'ara, kwani unaongeza mafuta ya nini? Bi somo nisamehe. Na haya hayazuii jua pia, wapo wanaodhani ndo kinga.

Ningekuwa mie ni wewe: asubuhi na usiku nawa kwa sabuni laini isiyo na manukato makali, mara mbili tu, ukiosha mara tano ngozi inakauka na kuwasha. Mchana kinga ya jua SPF 30 au zaidi, ile nyepesi ya maji, kwa sababu hayo madoa yako jua ndo linayakoleza, bila ya kinga utapaka liwa mpaka jiwe liishe. Ukiona ni ghali basi mtandio uvute mbele na mwavuli, havina gharama. Chunusi yenyewe kama haikomi kuna benzoili peroksaidi asilimia 2.5, haihitaji cheti, unapaka kidogo usiku, ila itachubua rangi ya mitandio na mashuka yako, ulalie kitambaa cheupe. Ngoja wiki sita mpaka nane ndo uamue kama inafaa. Madoa yanachukua miezi. Na wiki ya harusi usianze kitu chochote kipya usoni, hata kama shangazi kakuletea kutoka Oman.

Umesema unaogopa mkorogo, na una haki. Zile krimu za kung'arisha zina zebaki au hidrokwinoni au clobetasol, hii ya mwisho ni dawa ya steroidi, mtu anaona uso unalainika anafurahi, halafu ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinarudi kwa wingi na akiacha uso unawaka. Zebaki inafika mpaka kwenye figo. ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, wanazikamata na kuziteketeza na bado zinaingia. Isiyo na maandishi ya vilivyomo usinunue, na inayokatiwa kwenye kikopo kidogo bila ya lebo ndo ikimbie.

Yakhe_Machomane

Nyinyi mnazungumzia harusi na wanaume tuna yetu. Mie nikinyoa ndevu siku ya pili shingo nzima vipele, vingine vina usaha, vikipona vyeusi. Kinyozi wangu hapa Chake ananipiga spiriti akimaliza, naona nyota. Kuna mzee kaniambia nipake ndimu, sasa nimesoma hapo juu nimeogopa. Kuna dawa ya asili ya wanaume au tufuge tu tuwe masheikh?

DukaLaDawa_Darajani

Yakhe hizo si chunusi, ni nywele. Nywele zetu zimejikunja, ukinyoa chini kabisa ile ncha inakatika kali halafu inarudi kuchoma ndani ya ngozi, mwili unaona adui kaingia. Dawa kubwa ni kutonyoa mpaka chini. Mwambie kinyozi atumie mashine aache kidogo, kama milimita moja, asivute ngozi, asirudie rudie pale pale. Ukinyoa nyumbani kitambaa cha maji moto kwanza dakika kadhaa, wembe mpya, nyoa kufuata nywele zinakoelekea. Baada yake maji baridi, na mshubiri mbichi ukitaka cha asili, ule ute wa ndani tu, ule wa njano wa kwenye ganda umwage unawasha. Spiriti hapana. Na mashine ya kinyozi iwe inasafishwa kila kichwa, maana kuna choa na mengine yanahama hapo.

Kufuga nako ni dawa, wala si mzaha, ukiacha wiki tatu nne vingi vinaondoka wenyewe.

Yakhe_Machomane

Nafuga basi. Mke akiuliza ntamwambia duka la dawa limeamrisha.

MamaMwani_Bwejuu

Salaam. Hamjataja mwani na mie siwezi kukaa kimya. Huku kwetu mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, tunalima mwani tangu kilimo cha biashara kilipoanza mwaka 1989, na asilimia kubwa wakulima ni sisi wanawake. Tunaoulima sana ni spinosum, ule mwingine cottonii una bei nzuri zaidi lakini maji yakipata joto unakufa, kina mama wengi wameuacha. Mwani unasafirishwa nje kutengenezewa ile karajinani inayowekwa kwenye dawa za meno na losheni na vyakula kuvifanya vizito, kwa hivyo nyinyi mnaopaka losheni za Ulaya kuna uwezekano mnajipaka jasho letu mkalinunua tena.

Sabuni tunayotengeneza wenyewe ni mwani ulokaushwa ukasagwa, mafuta ya nazi, kostiki soda, maji na mafuta ya harufu, karafuu au mchaichai au mdalasini. Ikishamwagwa kwenye vibao na kukatwa inakaa juu ya rafu wiki nne mpaka sita ikomae, ukiitumia mbichi itakuchoma. Kwa anaetaka kujaribu nyumbani, mie sikushaurini kama hujafundishwa, kostiki si mchezo. Na ukifanya ni kostiki unaimwagia ndani ya maji kidogo kidogo, si maji ndani ya kostiki, ukigeuza inaruka mpaka machoni. Glovu, dirisha wazi, watoto nje.

Ntasema kweli ingawa ni biashara yangu, sabuni ya mwani nzuri kwa mwili. Kwa uso wenye chunusi wengine inawafaa wengine inawakausha, maana sabuni yoyote ya kupika ina ukali wake. Yenye karafuu usoni sikupi kabisa. Chukua isiyo na harufu, oshea uso mara moja kwa siku, usiku. Mafuta ya karafuu matupu, watu wa Pemba mtanijibu, kwenye jino sawa lakini usoni usipake, kuna binti alipaka kwenye chunusi akabaki na kovu.

Na mwani unaliwa! Unauosha chumvi yote, unauloweka, unakatia kwenye kachumbari, tungule na kitunguu na ndimu (ndimu mahala pake hapo). Una madini joto, kwa hivyo mwenye tatizo la tezi ya shingo aulize daktari kwanza.

UmmuSalma_Jikoni

Basi la chakula wameniachia mie. Dada BintiWete, umeuliza kama ni maneno tu. Si maneno tu lakini pia si kila kitu. Mafuta ya chakula si yale yanayotoka kwenye ngozi, ukila bajia haitoki puani. Kinachojulikana zaidi ni sukari na wanga mweupe unaopanda haraka kwenye damu. Ikipanda ghafla mwili unamwaga insulini, na insulini inaamsha homoni zinazoambia ngozi itoe mafuta zaidi. Kuna utafiti ulifanywa Australia ukatoka mwaka 2007, vijana wa kiume 43 wenye chunusi, nusu wakapewa chakula kisichopandisha sukari haraka kwa wiki 12, chunusi zao zikapungua kuliko wenzao. Ni watu wachache, lakini ndo mwanzo wa watu kuacha kusema chakula hakihusiki. Maziwa nayo yametajwa, khasa yasiyo na mafuta, ila ushahidi wake ni mwepesi kidogo, usiyakimbie kama unayapenda.

Sasa tuipige hesabu siku yako. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya 5 ndo bora, kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350 ina kama gramu 37. Umeshapita kabla ya adhuhuri, na chai inayosimamisha kijiko hatujaihesabu, na boflo ni unga mweupe, tumboni haikai inageuka sukari, na sambusa manda yake ni unga huo huo. Kwa hivyo usianze na urojo, anza na soda. Kitu kimoja. Soda iwe maji, au dafu siku yenye dafu. Wiki mbili tatu ukishazoea ndo upunguze kijiko kwenye chai.

Asubuhi badala ya boflo kila siku, siku nyingine chemsha muhogo au majimbi au viazi vitamu, ukipata shelisheli kwa msimu lete, na samaki wa jana au yai. Kwani bibi zetu walikuwa wakila nini asubuhi, boflo imekuja lini. Mbaazi au kunde au choroko zinakaa tumboni, hutaitizama saa nne ile sambusa. Unazipika Jumapili sufuria kubwa unagawa.

Wali wa nazi sikukatazi mtu wa Wete, utanihama. Ila mara mbili kwa siku ni nyingi. Usiku punguza wali nusu sahani, nusu nyingine mchicha au matembele au kisamvu au bamia, na samaki. Na mboga usizichemshe mpaka zikageuka rangi ya suruali ya polisi, vitamini C inakwenda na moto na maji. Samaki ambae watu wanamdharau ndo bora kwa ngozi, dagaa na kibua, wana omega 3, na dagaa unamla mzima na mifupa yake kalsiamu hiyo. Watu wanakwenda kununua vidonge vya mafuta ya samaki na kibua wapo Malindi asubuhi.

Matunda. Watu wanadhani chungwa ndo mfalme wa vitamini C, pera lina kama mara nne yake. Pera! Linaoza chini ya mpera nyumbani kwenu huko Pemba. Vitamini C ndo mwili unatumia kujengea kolajeni, ile protini inayoishika ngozi, na inafika kwenye ngozi kwa njia ya tumbo vizuri zaidi kuliko kuipaka ndimu. Papai na embe na mchicha vina ile rangi inayogeuka vitamini A. Kula tunda, juisi ya bungo ya mjini hapo ina sukari kuliko bungo lenyewe.

Urojo... kachori, bajia, chipsi za muhogo, mbatata, ule mchuzi wa unga na embe. Mie siuachi na sikwambii uuache. Ijumaa. Uwe wa Ijumaa, na omba yai na mishkaki badala ya kuzidisha bajia. Mafuta yale yakikaangiwa siku nzima yakawa meusi ndo ya kuangalia, muuzaji ambae mafuta yake meusi asubuhi ina maana ni ya jana, mpite.

KibandaMaiti_2020

Hayo yote sawa lakini mie nala urojo kila siku ya Mungu, soda mbili, usingizi saa nane za usiku, na uso wangu kama wa mtoto. Mdogo wangu anakula mboga kama mbuzi na chunusi mpaka mgongoni. Elezeni hilo wajuzi.

DukaLaDawa_Darajani

Urithi, ndugu yangu. Na homoni. Mtu mwenye ngozi ya chunusi hata akila vizuri atapata, ila atapata kidogo. Wewe umebahatika usoni, sukari ya damu na presha havijatizama uso wako. Pima.

Na niongeze hapa kwa yule dada: chunusi zikiwa kubwa za ndani zinauma, au zinakuja na nywele kidevuni na hedhi inaruka, hiyo haitibiwi kwa liwa wala kwa pera. Nenda hospitali, Mnazi Mmoja kwa huku Unguja, ukiwa Pemba anzia Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani, waulize daktari wa ngozi.

BintiWete_Mjini

Jamani nimesoma yote nimecheka na nimeandika. Hedhi iko sawa alhamdulillah na si zile kubwa za ndani. Ndimu na bekin soda nimeshafuta na meseji yenyewe, na yule aloituma nimemtumia hii hapa asome.

Nina matatu ya mwisho. Kazini ninaekaa nae anapaka maganda ya papai usoni kila mchana, anasema yanang'arisha, ni sawa? Chai bila ya sukari mie siwezi kuinywa kabisa wallahi, nifanyeje? Na kutoka kazini narudi magharibi, hayo ya kupika mboga na samaki kila usiku peke yangu kwenye chumba cha kukodi na jiko moja yatawezekana kweli?

Somo_Ngambo

Papai bivu halina neno kubwa ukiliosha haraka, lakini ganda la papai bichi lina utomvu, ndo ule tunaolainishia nyama ya mishkaki. Kitu kinacholainisha nyama ya ng'ombe unakipaka shavuni kila mchana? Mwambie mwenzio ale la ndani atupe la nje. Na duka la dawa, nimekusamehe, uso wake usipakwe nazi, lakini visigino nitakavyomfanyia siku ya harusi hutaniingilia.

UmmuSalma_Jikoni

Chai: usiikate sukari siku moja, utashindwa. Toa nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea bila ya kujua. Tia hiliki, mdalasini, tangawizi, mchaichai, karafuu mbili, ukali wa viungo unakusahaulisha sukari. Asali usidhani ni ruhusa, nayo ni sukari.

La jiko moja: Jumamosi nenda Mwanakwerekwe sokoni asubuhi uko nako karibu, nunua kunde, mchicha, tungule, thomu. Kunde zichemshe zote, gawa kwenye vikopo, kama hakuna friji mpe jirani mwenye friji kopo nae utampa moja. Dagaa wakavu wanakaa, waoshe maji moto ukitaka kupika. Usiku unarudi unakaanga kitunguu na tungule, unatupia dagaa au kunde, mchicha unaumwaga dakika za mwisho, umemaliza kabla ya isha. Wali upike asubuhi kidogo ukitaka au chemsha muhogo.

MamaMwani_Bwejuu

Dada BintiWete, ile isiyo na harufu ninayo ilokomaa. Niandikie faragha nikupe nambari, ikija gari ya huku Darajani nitaipakia, na za kwenda Pemba za wageni wa harusi nambie mapema kwa sababu zinakaa wiki sita rafuni kabla sijamuuzia mtu.